Uzee wa Kununua

Uzee ni heshima ipatikanayo kwa kuishi. Haukopwi, haurithiwi, wala haupakwi usoni kama wanja. Mzee huheshimiwa kwa kuwa ameona mengi na ametenda mengi. Mvi zake ni ushahidi wa hayo, si hayo yenyewe. Kijana atakayepaka nywele zake chokaa ili apewe kiti cha wazee barazani atachekwa hata na watoto. Walakini iko biashara moja katika ulimwengu wa leo ambamo chokaa ya namna hiyo huuzwa kwa bei kubwa, na wanunuzi hawakosekani. Nayo ni biashara ya magitaa ya umeme yanayoundwa leo kwa sura ya jana. Nakusudia, msomaji, kuipinga sehemu moja ya biashara hiyo, na kukuonyesha njia iliyo bora ya kuchagua, iwapo siku moja utasimama mbele ya magitaa hayo na fedha mkononi.

Kwanza nataka haki itendeke. Sisemi kwamba kuiga umbo la kale ni kosa. Yapo maumbo ya zamani yaliyobuniwa kwa akili nyingi, nayo yanastahili kurudiwa. Katika mji wa Fullerton, jimbo la California, nchini Marekani, aliishi fundi wa redio aliyeitwa Leo Fender. Fundi huyu hakujua kupiga gitaa, lakini alijua kusikiliza malalamiko ya wapigaji. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa la umeme la ubao mzito usio na uwazi ndani, na mwaka uliofuata gitaa hilo likapewa jina la Telecaster. Wapigaji walipolalamika kwamba kingo za ubao huo zinawachoma mbavuni, gitaa lake la mwaka 1954, Stratocaster, lilichongwa mgongoni na kifuani likalala juu ya mwili wa mpigaji bila kumuumiza. Shingo la magitaa haya halikugundishwa kwa gundi; lilishikwa kwa skrubu nne, ili likiharibika litolewe na kutiwa jingine, kama fundi wa redio abadilishavyo kifaa kilichoungua. Hicho kilikuwa chombo cha kazi, kilichoundwa na mtu wa kazi kwa ajili ya watu wa kazi.

Mwaka 1965 Fender aliuza kampuni yake kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: miaka ilivyopita, wapigaji wengi walilalamika kwamba kazi ya kiwanda imelegea, na wakaanza kuyatafuta magitaa yaliyotangulia mwaka huo. Mafundi wa Japani, walioyachungua magitaa ya zamani kwa makini, wakawa wanaunda nakala zilizoitia aibu kampuni yenyewe. Ndipo mwaka 1982 kampuni ya Fender ilipotoa magitaa ya marudio: Telecaster ya mwaka 1952, na Stratocaster za miaka ya 1957 na 1962. Kampuni nyingine, Gibson, nayo ilifuata njia hiyo kwa magitaa yake ya Les Paul. Basi marudio yalizaliwa kwa sababu njema. Yalikuwa kama fundi aliyepotea njia na kuirudia kazi safi ya mkono wake wa kwanza. Mtu akiniambia amenunua gitaa la marudio kwa kuwa limeundwa vizuri, nampa mkono.

Ugonjwa ninaoupinga ni mwingine. Ugonjwa huo ni kuugeuza mwaka kuwa mungu mdogo. Utawasikia watu wazima wakibishana usiku kucha ikiwa 1957 ni bora kuliko 1962, kama kwamba mwaka ni fundi mwenye mikono. Watahesabu skrubu zinazoshika kibao cheupe cha plastiki kifuani mwa Stratocaster: nane kwa ile ya 1957, kumi na moja kwa ile ya 1962. Wataapa kwamba mwenye nane amepata na mwenye kumi na moja amekosa, au kinyume chake. Muulize mmoja wao kama shingo la gitaa lake limenyooka, naye hajui. Muulize kama nyuzi zinakaa katika sauti baada ya wimbo mmoja, naye hajapiga wimbo hata mmoja. Huyo amenunua tarakimu nne akaridhika, wala hajanunua gitaa.

Mwaka, msomaji, si daraja la ubora. Mwaka ni jina la umbo. Stratocaster ya 1957 ina shingo la mti mweupe wa Marekani ya Kaskazini, na freti zake, yaani vile vyuma vyembamba vinavyogawanya sauti, zimepigiliwa moja kwa moja juu ya mti huo. Mgongo wa shingo hilo una ncha kidogo katikati, kama mgongo wa mashua. Ile ya 1962 ina ubao wa juu wa mti mweusi wa jamii moja na mpingo wetu, na mgongo wa shingo lake ni mviringo. Mtu mwenye kiganja kikubwa, aliyezoea kupitisha dole gumba juu ya shingo, huenda akaupenda mgongo wa mashua. Mwingine utamchosha kwa nusu saa. Hiyo ni tofauti ya kweli, nayo huamuliwa na mkono wa mpigaji. Haiamuliwi na kalenda.

Tena umbo la kale lina kasoro zake, na anayelisifu bila kuzitaja anakupotosha. Ubao wa shingo la Fender wa zamani umepinda kwa upana kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa: nusu kipenyo cha mviringo wake ni inchi 7.25. Mkono unaokamata nyuzi nyingi kwa pamoja huupata mwepesi. Lakini mpigaji anayependa kuusukuma uzi mmoja kando ili sauti ipande, ataona kwamba, nyuzi zikiwa zimeshushwa sana, sauti hukatika ghafula kwa sababu uzi umegusa freti iliyo mbele yake. Kwa ajili hiyo magitaa mengi ya siku hizi yana ubao ulio bapa zaidi, wa inchi 9.5. Chukua mfano mwingine. Stratocaster ya asili ilikuwa na swichi ya nafasi tatu tu. Wapigaji waligundua wenyewe kwamba swichi ikisimamishwa katikati ya nafasi mbili hutoka sauti tamu ambayo kiwanda hakikuikusudia. Mwaka 1977 kampuni ikakubali na kuweka swichi ya nafasi tano. Atakayedai nafasi tatu leo kwa sababu tu ndivyo ilivyokuwa, anakataa ushauri wa wapigaji wa zamani hao hao anaodai kuwaheshimu.

Hata hao waliotengeneza vitu hivyo hawakuuabudu wakati wao. Leo Fender hakukaa kuililia Stratocaster ya 1957. Baada ya kuuza kampuni aliendelea kubuni magitaa mengine, na kalamu yake haikupumzika mpaka alipofariki mwaka 1991. Nao wanunuzi wa zama hizo hawakujua kwamba wanaishi katika zama za dhahabu. Tazama Les Paul ya 1959, ambayo leo hutajwa kwa sauti ya chini kama jina la mtakatifu. Gibson iliunda magitaa ya Les Paul yenye rangi ya machweo kati ya 1958 na 1960, tena machache, yasiyofika elfu mbili. Na kwa kuwa hayakuuzika vema, kampuni iliacha umbo hilo, isilirudishe hadi mwaka 1968. Gitaa ni lile lile. Lililobadilika ni vinywa vya watu. Jambo lililodharauliwa na soko la juzi laabudiwa na soko la leo, na aliye tayari kufuata soko bila kufikiri atadharau leo kitu ambacho mjukuu wake atakililia.

Na hao mashujaa ambao majina yao huuza magitaa haya, je, walipiga nini? Jimi Hendrix alipopanda jukwaani Woodstock mwaka 1969, alishika Stratocaster nyeupe iliyoundwa mwaka 1968. Lilikuwa gitaa jipya, la miaka ile ile ya CBS ambayo wapenzi wa vya kale huikunjia uso. Eric Clapton alinunua Stratocaster kadhaa huko Nashville mwaka 1970, akachukua sehemu za tatu kati ya hizo na kuunga gitaa moja jeusi. Gitaa hilo halikuwa na mwaka mmoja. Lilikuwa mchanganyiko, kama baiskeli iliyoungwa na fundi wa kando ya barabara. Lilipouzwa mnadani mwaka 2004 lilipata dola 959,500. Lau thamani ingekaa katika usafi wa mwaka, gitaa lile lisingepata hata nauli ya kulifikisha mnadani. Clapton aliunga gitaa lifaalo mkono wake, akalipiga miaka mingi, na thamani ikaja nyuma ya kazi.

Sasa nimefika kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Mwaka 1995 kampuni ya Fender ilianza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi. Vanishi hukwaruzwa, kingo hupondwa, vyuma hutiwa kutu, na mahali ambapo mkono wa mpigaji ungesugua kwa miaka thelathini husuguliwa kiwandani. Mwaka 2021 Gibson nayo ilianzisha karakana maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Murphy Lab, yenye madaraja ya uchakavu kuanzia mwepesi hadi mzito. Huko, kadiri makovu yanavyozidi ndivyo bei inavyopanda. Fikiri, msomaji: fundi mmoja analipwa kulipaka gitaa vanishi, na fundi wa pili analipwa kuiharibu kazi ya wa kwanza, na mnunuzi anawalipa wote wawili na kusema ahsante. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi huo sasa umepondwa pondwa, na bei yake imeongezwa.

Alikuwako Ayalandi mpigaji aliyeitwa Rory Gallagher. Mwaka 1963, akiwa kijana wa mji wa Cork, alinunua Stratocaster ya mwaka 1961 iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Aliipiga katika majukwaa ya nchi nyingi mpaka jasho lake na mkono wake vikaivua rangi karibu yote, ukabaki mti mtupu. Baadaye kampuni ikaunda nakala za gitaa hilo, pamoja na kila kovu lililoachwa na jasho la mtu yule. Sina ugomvi na Gallagher. Makovu yake aliyalipia usiku baada ya usiku. Ugomvi wangu ni na wazo la kwamba jasho la mtu laweza kuvaliwa na mwingine kama koti. Askari hanunui jeraha dukani. Mkulima hanunui sugu za mikono. Kwa nini basi mpiga gitaa anunue miaka ambayo hakuipiga?

Wapinzani wangu wana hoja tatu, nami sitazificha. Ya kwanza wanasema: ya kale ni dhahabu, na mwacha asili ni mtumwa. Nami najibu kwamba asili ya magitaa haya ni akili ya fundi aliyesikiliza na kurekebisha; mwenye kuiga makovu ameiacha asili hiyo akashika ganda. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Na kwa hakika asili kamili haipatikani hata kwa fedha. Mti mweusi wa Brazili uliotumiwa katika Les Paul za 1959 uliwekewa marufuku ya biashara baina ya mataifa mwaka 1992, kwa sababu ulikatwa mpaka ukakaribia kwisha. Nakala nyingi za leo hutumia mti wa Uhindi badala yake, nazo husikika vema. Heri hivyo, kwani msitu una haki kuliko tamaa ya mkusanyaji.

Hoja ya pili ni kwamba gitaa lililosuguliwa huwa laini mkononi, kama kiatu kilichovaliwa. Hii ni kweli, nami naikubali. Kingo za shingo zikiviringishwa kidogo, na vanishi ya nyuma ikiondolewa kung'aa, mkono huteleza vizuri. Lakini kwa faida hiyo hakuna haja ya kuponda ubao mzima wala kutia vyuma kutu. Fundi yeyote mwangalifu aweza kuifanya kazi hiyo kwa msasa mwembamba katika mchana mmoja, na mpigaji mwenye subira atapewa faida hiyo hiyo bure na mkono wake mwenyewe.

Hoja ya tatu ni kwamba fedha ni za mnunuzi, naye ana uhuru wa kuzitumia apendavyo. Ni kweli, sikuja kumnyima mtu uhuru wake. Lakini uhuru wa kutenda jambo haulifanyi jambo hilo kuwa la busara. Gitaa la marudio linaloundwa Marekani, kama yale ambayo Fender iliyatoa mwaka 2022, lilitoka likiuzwa zaidi ya dola elfu mbili, na lile lililozeeshwa kwa mkono huweza kupita maradufu ya fedha hizo. Kwa fedha za makovu peke yake kijana angepata amplifaya nzuri, nyuzi za miaka kadhaa, na mwalimu wa kumfundisha. Tofauti hiyo ndiyo iliyo hatarini hapa. Gitaa huzeeka peke yake, lakini kijana aliyekosa mwalimu haelimiki peke yake kwa urahisi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe katika shauri hili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, mwenye gitaa kavu lisilo na umeme. Mwenda alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo viwili vikawafundisha wapigaji wa nchi nyingi. George Mukabi alijenga mtindo wa omutibo, ambao watu wa magharibi ya Kenya hawajausahau, ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1963. Daudi Kabaka alitunga na kuimba Helule Helule hapa Kenya, na mwaka 1968 kundi la Waingereza, The Tremeloes, likauimba wimbo huo kwao. Kilichovuka bahari kilikuwa wimbo. Hakuna aliyeandika barua kutoka London kuuliza gitaa lililotumika liliundwa mwaka gani, na lina skrubu ngapi kifuani.

Basi, ukiwa mbele ya magitaa mawili ya marudio, fanya hivi. Usisome kwanza kibandiko cha bei wala cha mwaka. Kaa kitako, shika shingo la kila moja robo saa nzima, maana mkono hudanganywa kwa dakika moja lakini haudanganywi kwa kumi na tano. Tazama shingo kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao, uone kama limepindapinda. Piga kila uzi katika kila freti, ukisikiliza kama kuna mahali sauti inakwaruza au inakufa. Sukuma uzi mwembamba kando kwenye freti ya kumi na mbili. Ukinyamaza, gitaa hilo linahitaji fundi au halikufai. Kaza nyuzi mpaka ziwe sawa, zivute, piga wimbo mzima, kisha sikiliza tena kama zimebaki pale ulipoziacha.

Baada ya hayo, unganisha magitaa yote mawili kwenye amplifaya moja, kwa sauti ya kiasi kimoja. Fahamu tofauti ya vinasa, yaani sumaku zilizozungushiwa waya ambazo husikia mtikisiko wa nyuzi. Vinasa vya Fender vya kale vina mviringo mmoja wa waya kila kimoja. Sauti yake ni angavu, lakini hunguruma vikiwa karibu na umeme. Vinasa ambavyo Seth Lover alivibuni katika kampuni ya Gibson, vilivyotiwa katika Les Paul mwaka 1957, vina miviringo miwili iliyopangwa kinyume, hivyo ngurumo ya mmoja hufuta ngurumo ya mwingine, na sauti hutoka nzito na tulivu. Kila kimoja kina nyimbo zinazokifaa. Mwishoni fumba macho, rafiki yako akupe gitaa moja, kisha la pili, bila kukutajia lipi ni lipi. Lile ambalo mikono yako haitaki kulirudisha, ndilo lako, hata kama liliundwa Mexico au Indonesia na bei yake ni robo ya jirani yake.

Na ukishalichagua, lichukue likiwa jipya na safi, lipige. Lipige kanisani, shuleni, harusini, na peke yako usiku nyumbani kwenu iwapo majirani wataridhia. Siku litakapoanguka na kupata kovu la kwanza utasikitika, lakini utalijua kovu hilo lilipatikana wapi na katika wimbo gani. Miaka ishirini ikipita, freti zitakuwa zimeliwa na vidole vyako na vanishi itakuwa imefifia chini ya mkono wako. Mtoto akikuuliza gitaa hili lina umri gani, utaweza kumjibu kwa nyimbo ulizolipigia, wala hutahitaji kumsomea maandishi ya kiwandani.